Profesa wa Kitabu Kimoja

Hakuwa profesa wa kitu chochote. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kila anayefundisha sekondari huitwa prof, na yeye aliwahi kufundisha huko mwaka mmoja, au miezi mitatu, kutegemea umemuuliza siku gani. Alipovuka kuja kwetu Nchelenge kununua samaki kwa niaba ya wenye malori wa Lubumbashi, alivuka na cheo chake kama wengine wanavyovuka na kikohozi. Hakuna aliyempa, na hakuna aliyeweza kumwondolea. Askari wa bandarini walimwita Profesa. Padri alimwita Profesa. Mke wake, ambaye alimjua, alimwita "huyu".

Mwezi wa Novemba mwaka jana mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa kando ya ziwa alinipigia simu. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga Ziwa Mweru ili samaki wazaane. Nyavu hutundikwa, wanaume hukaa, watoto huzurura. Zamani, katika miezi hiyo, Profesa alikuwa akitusomea riwaya moja ya kuchekesha, na sasa wazazi walitaka awasomee watoto wao pia. Nakala yake ililiwa na mchwa.

"Madamu, wewe kazi yako inakufikisha Lubumbashi," alisema mwalimu mkuu. "Mzee anasema akipata kitabu tu, ataanza tena. Tutampa darasa la tano kwanza."

Nilikubali bila kufikiri. Riwaya ile ya wanafunzi wa bweni katika nchi ya baridi ndiyo kitu cha kuchekesha kuliko vyote ninavyokumbuka kutoka utotoni. Nilikuwa naweza kuisimulia yote, sura kwa sura. Lakini sikuwahi kuisoma. Niliisikia tu kutoka kinywani mwake. Hizo ni habari mbili tofauti, na mimi, ambaye nimekula mshahara miaka mingi kwa kulinganisha makaratasi ya forodha na mizigo iliyomo ndani ya lori, sikuwahi kuzilinganisha.

Kwanza niseme habari ya suruali yake. Alikuwa na suruali mbili za kijivu, zote zimepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Bandari yetu ni matope na magamba. Yeye alipofika penye matope aliikunja suruali mara nne, akavuka, akasimama, akaikunjua mara nne, hata kama tope la pili lilikuwa hatua tano mbele. Wavuvi walimngoja. Mashua ilikuwa ikishusha samaki, barafu inayeyuka, na mnunuzi amesimama kwa mguu mmoja anakunjua suruali.

Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu tatu, na moja tu iliandika. Chisense, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani na kula mwaka mzima, hakuwagusa. Alisema ni chakula cha kuku. Mke wake aliwapika kila siku, na kila siku sahani yake ilirudi jikoni nyeupe. Aliwala walewale aliowadharau, mradi hakuna aliyemwona akiwala.

Ni haki niseme na jambo lake jema, maana lilikuwepo. Wavuvi wetu walipopotea wakauvuka mpaka ulio majini, askari wa upande wa pili walichukua nyavu zao. Kuzidai kulihitaji barua ya Kifaransa, na sisi shuleni tulifundishwa Kiingereza. Profesa aliandika barua hizo kwa mwandiko mzuri, wala hakupokea hata samaki mmoja. Nyavu kadhaa zilirudi. Kwa hilo tu angestahili kukumbukwa vizuri.

Lakini ili kuandika barua ilimbidi amsikilize mwenye wavu, na alichokisikia hakikukaa. Bwana mmoja, akiwa karibu kulia, alimwambia kwamba wavu ule aliununua kwa mahari ya binti yake wa kwanza. Barua ilikwenda, wavu ukarudi. Jioni hiyohiyo bandari nzima ilikuwa ikimwita yule bwana Mukwe wa Wavu. Alizikwa na jina hilo. Ndivyo alivyotoa msaada Profesa. Alikupa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakuvua nguo mbele ya watu.

Sasa kitabu. Alikisomea kwenye baraza la ghala la barafu, saa nane mchana, mvua ikipiga mabati. Sisi tulikaa juu ya vikapu vitupu vya samaki. Aliletewa beseni la maji, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akaiinua tuione pande zote mbili. Halafu akalamba kidole na kufungua ukurasa. Sikuwahi kumwona akigeuza ukurasa bila kukilamba. Kitabu kilivikwa karatasi ya kalenda ya zamani, na mtoto aliyekisogelea alipigiwa kelele.

"Mikono ya samaki hapana!"

Hilo alilisema mara nyingi kuliko sala. Mikono yetu yote ilikuwa ya samaki. Mama yangu aliuza mikate ya kukaanga, lakini hata mimi, ambaye nilinuka mafuta tu, niliingizwa katika hukumu hiyo.

Alisoma Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, Kiswahili cha Katanga ambacho sisi tulikijua kwa kiasi cha kununua, kuuza na kutukanana. Nyumbani tulisema Kibemba. Kwa hiyo hadithi ilikuja kwetu katika lugha ya sokoni, na hiyo peke yake ilichekesha. Mkuu wa shule ya kitabuni alikuwa na upara, akavaa nywele za bandia. Profesa alisema nywele hizo zilitoka kwenye fungu la salaula, nguo za mitumba, na zilikuwa za mwanamke. Kila Jumatano zilianguka ndani ya supu.

"Nani anakumbuka kwenye tulifikaka?" aliuliza kila alipoanza.

"Mu supu!"

"Nywele iko wapi?"

"Mu supu!"

"Na bwana mukubwa anasema nini?"

Tulisimama juu ya vikapu kujibu hilo. "Mupishi! Hii kuku haukuitoa manyoya!"

Kulikuwa na bata bukini aliyeishi jikoni na kuhoji kila anayeingia kama afisa wa forodha. Kulikuwa na mpishi mwenye kicheko cha kupanda na kushuka. Kicheko hicho tulikijua. Kilikuwa cha mama mmoja muuza chumvi pale sokoni Kashikishi, kilikuwa chake kabisa, na siku moja alikuja barazani kulalamika.

"Ba Profesa, juu ya nini munaniweka mule?"

"Mama, miye sisemi kitu. Kitabu njo inasema."

"Kitabu inanijulia wapi?"

"Uliza kitabu." Akamfungulia ukurasa mbele ya uso.

Yule mama hakujua kusoma lugha yoyote. Aliutazama ukurasa muda mrefu, kama mtu anayejitafuta katika picha ya watu wengi, kisha akaondoka. Tulicheka kicheko chake mpaka akapinda kona.

Kitabu njo inasema, yaani kitabu ndicho kinachosema. Hiyo ndiyo ilikuwa ngao yake. Watu wazima hapa si wajinga, wangeweza kumkalia kikao mbea yeyote. Lakini kitabu kilitoka mbali, kilikuwa cha lugha ambayo hata walimu wetu hawakuisoma, na sisi wa Nchelenge tulifanya kosa ambalo watu wa mpakani hulifanya. Tulidhani kwamba jambo likiwa katika lugha ya upande wa pili ni la kweli zaidi. Hata sauti ya jirani yako ikitoka mle ndani, ulijua ni bahati mbaya ya jirani.

Msimu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, aliletwa darasani kwetu msichana kutoka Kisiwa cha Chisenga. Jina lake Mwewa. Alilelewa na bibi yake katika kambi ya wavuvi huko, na sasa alikaa na shangazi ili asome. Kwetu mtoto akimsalimu mkubwa, au akipewa kitu, hujishusha na kupiga makofi kidogo, viganja vimekunjwa. Sisi wa mjini tulifanya hivyo upesi, huku tunatembea. Mwewa alifanya kama alivyofundishwa. Alipiga magoti mpaka chini, makofi matatu ya polepole, ndipo akafungua mdomo.

Siku yake ya kwanza barazani Profesa alimwonyesha kikapu cha mwisho akae. Mwewa akapiga magoti kwenye saruji yenye maji, makofi matatu, akasema, "Natotela mukwai," ndiyo asante yetu kwa Kibemba. Nilikuwa karibu, nikamwona Profesa anavyomtazama. Mtazamo ule nimeuona kwa wanunuzi wakikuta samaki mnene chini ya kikapu cha wembamba.

Kesho yake kitabu kilipata mwanafunzi mpya. Jina lake Mutoto wa Kisiwa. Alipiga makofi matatu kabla ya kuomba chumvi. Alimpigia bata makofi. Aliupigia mlango. Kisha jiko la shule likashika moto, na yeye peke yake ndiye aliyeona, akakimbia ofisini kwa bwana mkubwa, akapiga magoti, pa, pa, pa.

"Sema, mutoto!"

Pa, pa, pa.

"Kuko nini?"

Pa, pa, pa. Na moshi unaingia, na nywele za salaula zinaanza kuungua kichwani, na yeye bado hajamaliza kusalimu.

Kilikuwa kichekesho kilichopangwa vizuri, na hata sasa ninapokiandika naona ufundi wake. Tulilala chini kwa kucheka. Mwewa alikaa juu ya kikapu cha mwisho, mikono imebanwa kati ya magoti.

Wiki hiyo hakupita mahali bila makofi matatu nyuma yake. Shuleni, kisimani, kanisani mlangoni. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu nilijua kuyapanga sawasawa na Profesa. Mwewa aliacha kupiga makofi. Baadaye akaacha kusalimu kabisa, na mtoto asiyesalimu, kwetu, ni mtoto aliyeharibika. Shangazi alimpiga, akamuuliza kama nyumbani kwake wanakaa mawe, hata hawasalimiwi, akampiga tena. Ziwa lilikuwa halijafunguliwa alipopakiwa kwenye mashua na kurudishwa Chisenga. Hakusoma tena.

Mchana ule Profesa alitusomea kwamba Mutoto wa Kisiwa amerudishwa kwao kwa mashua, na wanafunzi wote wamejipanga ufukweni wakimpigia makofi, matatu matatu, mpaka mashua ikapotea. Akafunga kitabu. Hapo njo mwisho, alisema. Tulimshangilia.

Riwaya niliipata Lubumbashi kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Jina lilikuwa lilelile alilotutajia Profesa barazani, ila jalada, ambalo sikuwahi kuliona, halikuvikwa kalenda. Kifaransa nilijifunza ukubwani, kwa kazi. Niliisoma siku mbili katika chumba cha wageni, na kuanzia sura ya pili nikachukua penseli, kama ninavyofanya na orodha ya mzigo.

Nywele za bandia zinaanguka mara moja tu, juu ya zulia, na hakuna anayecheka. Hakuna Jumatano. Bata anachinjwa sura ya tatu bila kusema neno. Mpishi ni mwanamume mkimya. Jiko haliungui. Msichana mgeni yupo, anatoka milimani, anaongea kidogo, ananuka jibini. Hapigi makofi popote. Mwishoni shule inakaribia kufungwa, wenzake wanafungasha mizigo, na yeye ndiye anayekataa kuondoka, mpaka wengine wanaona aibu na kufungua masanduku yao.

Na kitabu hakichekeshi. Ni kitabu safi, cha adabu, cha kumpa mtoto mgonjwa. Nilicheka mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimekumbuka kitu cha Profesa.

Kwa hiyo vichekesho vyote vilikuwa vyake. Nililitazama jambo hilo kwa muda. Mtu huyu alikuwa mtunzi, mwenye kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu, na kila siku alinawa mikono na kukificha nyuma ya jalada la mtu mwingine. Angeweza kusema, nimetunga. Lakini mtunzi huulizwa. Yule muuza chumvi angemuuliza, shangazi angemuuliza, kikao kingemuuliza. Msomaji haulizwi kitu. Alitaka kicheko kiwe chake na lawama iwe ya karatasi. Nimekutana na wezi wengi mpakani, na wengi wao walikuwa na haya kuliko huyo.

Niliporudi sikwenda kwake. Nilikwenda kwa Mwewa. Sasa anaishi Kashikishi, amehama kisiwani ili binti yake asome, na maisha yake ni chisense. Nilimkuta akiwageuza mchangani, mzigo wa mwisho kabla ziwa halijafungwa. Binti yake alituletea maji. Alipiga magoti, makofi matatu ya polepole, akanipa kikombe.

"Yuko darasa la ngapi?" niliuliza, ingawa nilishajua.

"La tano. Mwezi wenye kuya wanaenda kumusikiliza Profesa," alijibu kwa Kiswahili cha sokoni, alichokizoea kwa wanunuzi wake.

Nikamwambia yote. Aliendelea kugeuza samaki. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Na ule mutoto wa mu kitabu, bamufanyaka nini mwisho?"

"Wa kwake Profesa au wa kitabu?"

"Wa kitabu."

"Alibaki."

Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Alibaki," alisema. Kisha akasema, "Twende kwa huyo baba. Nataka nijue kama ananijua."

Tulimkuta saa nane, nyuma ya lile ghala, amekaa mezani kwenye kibaraza chake. Meno ya mbele hayapo, suruali ya kijivu ipo, mkunjo upo.

"Mutoto wa mama wa mikate!" alipiga kelele. "Umeniletea?"

Niliweka kitabu mezani. Hakukigusa. Aliita maji, akanawa, akafuta, akaniinulia mikono pande zote mbili. Macho yake ni mazima. Akalamba kidole. Mwewa alikuwa bado amesimama chini kwenye ngazi, maana hakuna aliyemkaribisha.

"Profesa," nilisema, "kabla hujaanza na watoto, nionyeshe mahali msichana anapopiga makofi."

"Ah! Ile ya moto!" Akacheka na kuanza kufunua. Nilidhani atajifanya. Hakujifanya, alitafuta kweli. Alipita sura ya jiko, akarudi nyuma, akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alirudi mwanzo. Jasho lilimtoka puani.

"Iko humu," alisema. "Nilisomaka miye mwenyewe. Labda hii walichapa ingine, wakaitoa."

Ndipo akamwona Mwewa. "Na ule mama, akuye akae."

Mwewa alipanda ngazi. Akapiga magoti mbele ya meza, makofi matatu, ya polepole, viganja vimekunjwa. Uso wa mzee ukafunguka kama wa mtu aliyeokota alichopoteza.

"Vwala! Njo hii!" Alipiga ukurasa kwa kiganja, akanigeukia nicheke naye. "Unaona? Kama ule mutoto wa mu kitabu! Kabisa!"

Sikucheka. Mwewa hakuinuka.

"Haikukuwa mu kitabu, ba Profesa. Ilikuwa miye."

"Weye ni nani?"

"Mutoto wa Chisenga. Nilikalaka pa kikapu ya mwisho."

Alimtazama kwa uangalifu, nami nilingoja, na naona aibu kusema nilingoja kwa tumaini. Hakuna kitu kilichomjia. Msichana wa moto alimkumbuka vizuri, pamoja na moshi na nywele. Aliyekaa juu ya kikapu hakumkumbuka hata kidogo.

"Mama," alisema kwa upole, kama alivyozoea, "miye sikusemaka kitu. Kitabu njo..."

Akakitazama kitabu. Kilikuwa wazi mbele yake, na mbele yangu ninayekisoma.

Mwewa aliinuka na kunyoosha mikono. Tulikuwa tumetoka moja kwa moja kwenye samaki, na magamba madogo yalimng'aa mpaka kwenye viwiko.

"Mikono!" Profesa alishtuka. "Mikono ya samaki hapana!"

Mwewa alikichukua kitabu kwa mikono yote miwili. Alikifunga, akakizungushia kitenge chake cha pili kama anavyofungwa mtoto, akakaza fundo.

"Sasa miye nitasomea batoto nini?" aliuliza mzee. Alikuwa akiniuliza mimi, lakini Mwewa ndiye aliyejibu.

"Basimulie tu, ba Profesa. Unajua sana. Lakini useme ni weye njo unasema."

Tulimwacha mezani, mikono yake misafi imeinuliwa kidogo, na hapakuwa na kitu cha kugusa.

Jumatatu mwalimu mkuu alipiga simu kuuliza kama mzee amepata kitabu. Nilimwambia kiko kwa mzazi mmoja wa darasa la tano, mwanika chisense pale Kashikishi. Akikitaka aende akamwombe, na asisahau kusalimu vizuri.